Wali na Maharage: Chakula Kisicho na Mwenyewe



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi tukiwa bado wamoja. Tulipoanza mwaka 2015 wapo waliosema, "Hawa akina mama hawamalizi hata mwaka, watagombania hela." Mwaka 2025 tulitimiza miaka kumi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa mama watatu tofauti, kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

Katika kurasa nyingine mtasoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Mweka hazina amezieleza vizuri na hesabu zake zimekaguliwa. Sehemu hii inaeleza jambo lisiloandikwa kwenye daftari lake, nalo ni chakula tunachopika siku ya mgao. Kila mwaka tunapofungua sanduku na kugawana, tunapika wali na maharage. Watu wametuuliza mara nyingi: "Jamani, kila mwaka wali maharage, kwani hamna hela ya nyama?" Hela ya nyama ipo. Jibu lenyewe ni historia, na historia hiyo ni ndefu kuliko umri wa kikundi chetu. Mengine tunayajua kwa kuyaona wenyewe, na mengine tumesomewa vitabuni na mwalimu mmoja wa historia wa sekondari, ambaye tunamshukuru sana.

TULIVYOANZA KUPIKA PAMOJA

Wilaya yetu ya Kilolo ilizaliwa mwaka 2002, ilipomegwa kutoka Iringa Vijijini. Wenyeji wake wengi ni Wahehe. Lakini barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita kwetu, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Ilula, na barabara huleta watu. Kwa hiyo ndani ya kikundi tuna Wahehe, tuna Wabena na Wakinga waliokuja na biashara, tuna Wanyakyusa wa Kyela, tuna Msangu, na tuna mama zetu walioolewa huku kutoka Tanga na Ifakara.

Mgao wa kwanza tulikubaliana haraka kwamba tupike wali na maharage. Ni chakula cha bei ya wastani, Waislamu na Wakristo wote wanakula, na mwenye meno na asiye na meno wote wanashiba. Tatizo likaja jikoni. Mama wa Tanga akasema maharage bila nazi hayajapikwa, hayo yamechemshwa tu. Wahehe tukamjibu kwamba huku milimani mnazi hauoti, nazi inatoka mbali na bei yake siyo ya mchezo. Sisi tunakaanga vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula kwa mafuta ya alizeti, basi. Mama wa Kyela naye akasema mchele wa kwao unanukia wenyewe, mtu asiuharibu kwa kuutia makorokoro. Ikawa kelele, moto unawaka na maji yanachemka bure.

Bibi mmoja, mwanachama mkubwa kuliko wote, akasema maneno machache: "Sufuria ziko ngapi?" Zilikuwa tatu. "Basi kila mtu apike ya kwake, tutakula zote." Tukapika sufuria tatu, watu wakazunguka na sahani zao wakionja huku na huku, na zote tatu zilirudi tupu. Toka siku hiyo tukaweka zamu. Kila mgao, upande mmoja unapika kwa namna ya kwao, na wengine wanakata vitunguu na kuangalia jinsi inavyofanyika.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza maharage ya nazi. Yakishaiva, unatia vitunguu na tui jepesi, unaacha yachemke, halafu mwisho unatia tui zito huku unakoroga polepole lisikatike. Mama wa Tanga naye amejifunza kuponda maharage machache kwa mwiko ili mchuzi wa alizeti uwe mzito. Siku hizi anapika hivyo hata kwake.

ZAMANI WALI ULIKUWA WA SIKUKUU

Vijana wa leo hawajui, lakini sisi tuliozaliwa miaka ya 1960 na 1970 tulikula wali kwa kuhesabu. Wali ulikuwa wa Krismasi, Pasaka, Idi na harusi. Siku za kawaida ni ugali na maharage au ugali na mboga za majani. Mtoto akisikia harufu ya wali jirani, alikuwa anauliza kuna mgeni gani. Tena tumepita vipindi vigumu. Mwaka 1974 nchi ilipungukiwa chakula, watu wakala mahindi ya njano yaliyotoka nje, ule unga tuliouita unga wa yanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zikawa adimu na foleni ndefu. Wakati huo maharage ndiyo yaliyotulea, kwa sababu yalitoka shambani kwetu na hayakuhitaji foleni.

Mchele wetu ulitoka kwa majirani. Katika bonde la Usangu, enzi za ukoloni, Wabaluchi waliohamia huko kutoka pande za Irani na Pakistani walilima mpunga kwa mifereji, na Wasangu na wengine wakaendeleza. Miaka ya 1970 likajengwa shamba kubwa la serikali la Mbarali kwa msaada wa China. Kyela wana mchele wao wenye harufu nzuri. Ng'ambo ya milima yetu ya Udzungwa liko bonde la Kilombero na mpunga wa Ifakara. Na ndani ya mkoa wetu wa Iringa, Pawaga na Idodi wanalima mpunga kwa maji ya mito. Barabara ya lami na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, zilipokamilika, mchele ukaanza kusafiri kirahisi. Hivyo wali ukashuka kutoka chakula cha sikukuu ukawa chakula cha mama ntilie kando ya barabara, na mwenzake wa kwanza pale kwenye sahani akawa maharage.

KILA MBEGU ILITOKA MAHALI

Tulipokuwa tunabishana habari ya nazi, wapo waliosema, "Wali ni chakula cha Waswahili wa pwani, sisi chakula chetu ni ugali wa mahindi na maharage." Mwalimu wetu aliposikia hivyo alicheka. Akatueleza kwamba mahindi na maharage yote yametoka bara la Amerika. Wahindi Wekundu waliyalima maelfu ya miaka kabla Columbus hajafika huko mwaka 1492. Wareno walipita pwani yetu mwaka 1498, na katika karne zilizofuata mazao ya Amerika yakaingia Afrika Mashariki na kupanda mpaka huku juu. Wazee wetu wa zamani zaidi walikula mtama, ulezi na kunde.

Kunde ndizo za Waafrika tangu asili. Choroko na mbaazi zimetoka India. Mpunga wa Asia ulifika pwani yetu zamani sana: wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta kisiwani Pemba punje za mpunga zilizoungua, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alipita pwani hii mwaka 1331. Akaandika kwamba pale Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo. Alipofika India alikuta watu wanapika mchele na choroko pamoja, wanatia samli na kula asubuhi kila siku. Chakula hicho Wahindi mpaka leo wanakiita khichri. Pwani yetu kipo pia, na jina lake ni mseto. Vijana wanalijua neno hili kwa habari ya serikali ya mseto, lakini mseto ni sufuria ya mchele na choroko kabla ya kuwa serikali.

Kwa hiyo, ndugu zetu, anayesema chakula fulani ni cha wageni, aangalie kwanza sahani yake. Ugali wa mahindi, maharage, wali, choroko, hata nyanya za Ilula tunazojivunia, vyote vilifika kwa miguu ya watu au kwa vyombo vya baharini. Waliovifanya vikawa vyetu ni akina mama waliovionja, wakavipanda na kuvipika.

WALIOPELEKWA UTUMWANI WALIKWENDA NA MAARIFA YAO

Hapa historia inasikitisha. Mpunga wa Asia siyo mpunga pekee duniani. Afrika Magharibi, kwenye mto Niger, Waafrika wenyewe walianza kulima mpunga wa aina yao miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Wakati wa biashara ya utumwa watu wa huko walichukuliwa kwa nguvu wakavushwa bahari. Katika jimbo la South Carolina huko Marekani mabwana walitajirika kwa mpunga, na waliolima ni watumwa, ambao wengi walitoka sehemu zenye wakulima wa mpunga. Wanawake wale hawakuwa na mali. Walikuwa na ujuzi wa kulima, kutwanga, kupepeta na kupika.

Kwa hiyo leo ukienda huko utakuta wali na maharage kila mahali. South Carolina wanapika mchele na kunde, wanauita Hoppin' John, na wanaula tarehe 1 Januari ili mwaka uwe wa heri. Jamaika wanapika mchele na maharage mekundu au mbaazi kwa tui la nazi, na ni chakula cha Jumapili. Mama wa Tanga alipolisikia hili alisimama akapiga kigelegele! Brazili wali na maharage ndicho chakula cha kila siku cha matajiri na maskini. Kuba wanapika mchele mweupe na maharage meusi, na jina lake maana yake ni Wamori na Wakristo, kwa kukumbuka vita vya Waislamu na Wakristo vya zamani kule Hispania. Waliopigana karne nyingi wamekutana kwenye sufuria moja.

Kosta Rika na Nikaragua ni nchi jirani. Wote wanakula mchele uliochanganywa na maharage, wanauita gallo pinto, yaani jogoo wa madoadoa. Basi nchi hizi mbili zimebishana miaka mingi, kila moja ikisema chakula hicho ni chake. Tuliposikia tulicheka sana, maana ni yale yale ya kwetu ya siku ya sufuria tatu. Tungekuwa karibu tungewapelekea bibi yetu awaulize sufuria ziko ngapi.

DADA ZETU WA NIGER

Jambo moja lilitushangaza kuliko yote. Mtindo huu wa kuweka na kukopa kwa hisa, wenye sanduku na kufuli, haukuanzia Tanzania. Ulianza mwaka 1991 katika nchi ya Niger, sehemu za Maradi, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Waliuita kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Kutoka kwao mtindo ukaenea Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawa umefika kwetu, nasi tukaujua kwa jina la VICOBA.

Na chakula cha Wahausa wale ni nini? Mojawapo ni shinkafa da wake, yaani mchele na kunde. Ghana wamekichukua, wakakiita waakye, wanakipika na majani ya mtama mpaka kinakuwa chekundu, na wanawake wanakiuza barabarani asubuhi. Kwa hiyo wale dada waliotutangulia kuweka akiba, nao wanapika mchele na jamii ya maharage katika sufuria moja. Hatujawahi kuonana nao, hatujui lugha yao, lakini siku ya mgao tunawakumbuka.

Sisi tunaona sababu ni moja. Mwenye kidogo anayetaka kulisha wengi hupika hivi. Tena wataalamu wa lishe wanatuambia kwamba kile kinachopungua kwenye mchele kipo kwenye maharage, na kinachopungua kwenye maharage kipo kwenye mchele, hivyo vikiliwa pamoja vinajenga mwili vizuri. Mahindi na maharage ni hivyo hivyo. Bibi zetu hawakusoma sayansi hiyo, ila walijua mtoto wa maharage hukua.

DEBE LIBAKI NYUMBANI

Sasa tuseme jambo linalotuuma. Mkoa wetu wa Iringa unalima chakula kingi mpaka unalisha miji. Lakini utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano hapa Iringa, karibu 57 wamedumaa. Kwa nchi nzima ni 30. Sisi ndio tulikuwa wa mwisho kabisa. Wenye ghala tukawa na watoto wafupi kuliko wa mikoa isiyo na mvua.

Udumavu una sababu nyingi: mama kuchoka na kazi akiwa mjamzito, mtoto kuachiwa uji mtupu, maji machafu, magonjwa. Lakini sababu moja tunaifahamu kwa sababu inapita mlangoni kwetu. Mwezi wa sita na wa saba magari ya wafanyabiashara yanakuja, magunia yanajazwa lumbesa, na maharage yote yanaondoka kwa bei ya chini. Baada ya miezi miwili nyumba iliyolima maharage inakula ugali na majani matupu, au inanunua maharage hayo hayo dukani kwa bei ya juu.

Mwaka 2023 jambo hili lilizua mjadala mkali kwenye kikundi. Baadhi walipendekeza kikundi kinunue maharage ya wanachama wote wakati wa mavuno, tuyatunze na kuyauza bei ikipanda. Kwa hesabu ni biashara nzuri. Ndipo mwanachama wetu mmoja, ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji na huwapima watoto, akasimama akasema, "Mimi napima watoto wa humu ndani. Maharage kwetu yanalala usiku mmoja tu, kesho yake yako Dar." Kimya kikatanda.

Tukajadiliana mikutano mitatu. Wapo waliosema kikundi kisiingie stoo za watu. Mama mmoja akasema wazi kwamba akibakiza maharage mtoto wake atarudishwa nyumbani kwa kukosa michango. Hayo yalikuwa maneno ya kweli na hatukuyapuuza. Mwishoni tukakubaliana hivi:

Kwanza, kikundi kitanunua maharage, lakini hakitanunua kwa mwanachama mpaka nyumba yake imebakiza debe moja kwa kila mtu anayekula hapo. Debe lina kilo kama 17 au 18. Ukigawa kwa siku 365, kila mtu anapata kama gramu 48 kwa siku, yaani konzi moja. Siyo nyingi, ila ni ya kila siku.

Pili, mwenye shida ya shule au ugonjwa asiuze debe la nyumbani. Aje akope mfuko wa jamii bila riba, alipe polepole.

Tatu, kila mwanachama aweke mbegu nzuri, ikiwemo ile ya Njano Uyole iliyotolewa na watafiti wa Uyole, Mbeya, na asiache mbegu za wazee kama kablanketi.

Nne, maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe vizuri kwa moto mkali mwanzoni. Yanaiva haraka na kuni zinapungua.

Hatutajisifu kwamba tumemaliza udumavu. Mwaka wa kwanza nyumba nyingine zilishindwa, debe likaisha mwezi wa kumi na moja. Lakini siku hizi ukipita kwa wanachama mwezi wa pili, mwezi wa njaa, unakuta maharage jikoni. Hilo tunaliona kwa macho.

MWISHO

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Vijana wengi hawajui kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka. Methali hii tunayoisema kila mkutano tunaponunua hisa ilianzia kwenye mchele na maharage, si kwenye noti.

Kwa hiyo ndiyo maana hatupiki nyama peke yake siku ya mgao. Wali na maharage vinatukumbusha waliotutangulia, waliosafirishwa kwa hiari na waliosafirishwa kwa minyororo, wakabaki na kitu cha kupika. Vinatukumbusha kwamba Mhehe, Mnyakyusa, Mkinga na mtu wa pwani wanaweza kubishana jikoni na bado wakala pamoja. Na vinatukumbusha watoto wetu, ambao ndio hasa tunawawekea akiba.

Mwaka huu zamu ya kupika ni ya mama wa Kyela. Wasomaji wote mnakaribishwa, mje na sahani zenu. Na wanachama tunaombana: mavuno yajayo, kabla gari halijaondoka, tuhesabu watu wa nyumbani na tuhesabu madebe.



Kwa niaba ya wanachama wote,
Mwenyekiti